Inchi tatu za Mjomba

Mjomba wangu kafariki ana miaka 86 na hakuwahi kuoa. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu anaanza na hilo. Hata siku ya msiba, maiti haijaoshwa bado, tupo uani na wanawake tunachambua mchele, mama mmoja jirani akasema "masikini, kaondoka bila hata mtoto wa kumuombea dua". Mama yangu, ambaye tangu alfajiri alikua hajatoa neno, akamjibu bila kuinua macho kwenye ungo: "Shoga, dua atazikosa yeye au utazikosa weye?" Uani kimya. Tukaendelea kuchambua mchele.

Mjomba alikua fundi wa kanzu Tanga. Kibanda chake kilikua Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, kwa wasioijua Tanga zinaanzia Barabara ya Kwanza mpaka ya Ishirini na Moja, zimenyooka kama mistari ya daftari la hesabu, ukipotea Ngamiani ujue umeamua mwenyewe. Mlango wa mbao, upande mmoja unafunguka mwingine umegoma tangu sijazaliwa. Ndani Singer ya kukanyaga, pasi ya mkaa, benchi la wageni, redio, na tasbihi imening'inia kwenye msumari. Ikiadhiniwa anaacha mshono pale pale ulipofika, sindano imezama kwenye kitambaa, anavaa kofia anaondoka na kibanda anakiacha wazi. Aliibiwa mara moja tu, mkasi, na mwizi mwenyewe akaurudisha baada ya wiki maana kila aliyempelekea kuuza alijua ni mkasi wa nani hahaha.

Sasa kuhusu kuoa. Nyie mnajua kwetu ndoa ni nusu ya dini, na mtu mwenyewe ndo huyo, swala tano msikitini, Jumatatu na Alhamisi kafunga, Yasini kila usiku wa Ijumaa, halafu hana mke. Watu iliwaumiza vichwa kweli. Angekua mlevi wangemuelewa. Mashehe wamemkalisha, wazee wamemkalisha, bibi yangu (mama yake) kalia mbele yake zaidi ya mara moja, na kila anayemwambia ndoa nusu ya dini anapewa jibu moja: "Nami bado nahangaika na nusu ya kwanza, nikiimaliza ntakwita." Miaka ikaenda, nusu ya kwanza haikuisha.

Basi maneno yakazaliwa. Kuna waliosema ana jini mahaba, kuna waliosema alikua na mchumba Pangani akaozeshwa mtu mwingine, kuna waliosema ni kwa ajili ya bibi aliyepofuka macho na mjomba ndo alikua anamtazama. Mama yangu nadhani anaujua ukweli lakini nikimuuliza ananiuliza kama nimeshakula. Zamani nilikua natamani sana kujua, yani niliona kama kuna siri kubwa mahali. Sasa hivi sitamani. Nimegundua kila mtu alichagua ile sababu iliyompendeza mwenyewe, mjomba hakuchagua hata moja, akaendelea kushona.

Lakini kuna jambo silipendi na ntalisema hapa kwa sababu na mimi nimo. Ukoo wetu tulimla mjomba. "Mpelekeeni mjomba, yeye hana wa kumlisha", hiyo sentensi nimeikuta kwetu kama ilivyo meza na viti. Ada, mpelekeeni mjomba. Mtoto anatahiriwa, mpelekeeni. Bati limetoboka, mpelekeeni. Baba yangu kazi ya mashamba ya mkonge ilipoisha mimi ndo nimefaulu kwenda form one, 1994, na sikumbuki kikao chochote nyumbani cha kujadili ada inatoka wapi, nakumbuka tu nimetumwa kibandani na karatasi ya shule, mjomba kaisoma mpaka chini, godoro, ndoo, jembe, kila kitu, akaikunja akaitia kwenye mfuko wa kanzu. Wiki ileile ile baiskeli yake nzuri haikuonekana tena. Akawa anatembea kwa miguu, na Tanga mtu kutembea kwa miguu wakati ana baiskeli watu wanaona. Alipoulizwa akasema daktari kamshauri. Daktari gani, hajaonana na daktari miaka kumi! Ndo mara pekee najua alidanganya, kama hatuhesabu zile "njoo kesho inshallah" za mafundi, maana na yeye inshallah yake ilikua ndefu jamani, tusimpambe.

Wanasema mtegemea cha ndugu hufa masikini. Sisi tulitegemea cha ndugu tukasoma, tukajenga Dar. Aliyekua anategemewa ndo alibaki na mlango ulioharibika.

Kazi nyingine aliyokua anaifanya ni sanda. Hii hakulipwa hata siku moja. Alikua na jora la bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, kwenye sanduku chini ya meza na mtu yeyote mtaani akifiwa anakuja pale, saa nane za usiku, anagonga, mjomba anatoka anauliza mwanaume au mwanamke, mrefu au mfupi. Mwanaume shuka tatu, mwanamke vipande vitano. Anapima kwa mkono, anachana, anakunja, anampa. Hakuna cherehani hapo, sanda haishonwi.

Mama anapenda kuhadithia ya 1983. Kile kipindi cha kuwasaka wahujumu uchumi, bidhaa hakuna, sabuni foleni, sukari foleni, mawe yanapanga foleni kwa niaba ya watu, na nguo ndo usiseme, mpaka sanda ilikua mtu anahangaikia kibali. Ukikutwa na kitambaa kingi ndani wewe ni mlanguzi, huna la kujitetea. Watu walikua wanatupa mali zao usiku kwa kuogopa msako. Na mjomba ana jora zima na nusu ya bafta chini ya meza. Bibi kalia, "lichome hilo, watakufunga". Mjomba akalibeba usiku akaenda kulificha msikitini, chini ya jeneza. Nani atainua jeneza atafute magendo? Likakaa pale miezi, imamu anajua, muadhini anajua, na kila akifa mtu wanaenda kuchukua jeneza na sanda inatoka papo hapo. Mama akifika hapo anacheka mpaka anafuta macho, eti ndo duka pekee Tanga lililokua na mali mwaka ule.

Hija alienda mara moja, 1997. Wanaokumbuka wanajua, huo ndo mwaka mahema yalipoungua Mina, tarehe 15 Aprili, walikufa mahujaji zaidi ya 340. Redio ikatangaza jioni na sisi hatuna habari yoyote, simu ipo moja kwa jirani mwenye duka, tunashinda barazani kwake kama tunauza kitu. Siku nne. Siku ya tano mtu akapiga kutoka Dar akasema wa Tanga wote salama. Mjomba aliporudi tukamzunguka tunataka kusikia, akagawa zamzam na tende, akasema jua la kule kali, akasema makubadhi yake yamepotea, basi. Na kitu kilichomchekesha ni ihramu, fundi mzima kavaa shuka mbili zisizo na uzi hata mmoja na mikono haijui pa kushika. Ya moto hakuyasema siku hiyo wala siku nyingine. Ila tangu amerudi ile pasi ya mkaa hakuiwasha tena ndani. Alikua anaipeleka nje, mbali na kitambaa, anakaa nayo mpaka mkaa uive ndo anaingia nayo, hata mvua ikinyesha. Nilikua na miaka 18, niliona tu nikanyamaza.

Kuhusu ufundi wenyewe lazima niseme kidogo, maana angekasirika nimeandika yote haya nisiseme. Kanzu kwake ilikua na badani mbele na nyuma, taharizi pembeni, kaba shingoni, na kikwapa. Kile kikwapa, kipande kidogo chini ya mkono, ndo kilikua ugomvi wake na dunia. Kanzu za dukani zilipoanza kuja nyingi baada ya mambo kufunguliwa enzi za Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, halafu baadae za Dubai, za Oman zenye kishada shingoni, vijana wakazikimbilia maana ni rahisi na zinang'aa, na mjomba kila akipita mtu kavaa hiyo anamsimamisha: "Nyanyua mikono, hebu piga takbira." Kijana ananyanyua, kanzu nzima inapanda mpaka magotini. "Umeona? Hiyo haina kikwapa. Hiyo ya kupigia picha." Wateja walipungua sana, kwa kweli miaka ya mwisho alikua anashonea wazee na sisi tu. Kuliko kushona kanzu bila kikwapa bora alale njaa. Na mwanafunzi wake akikosea, hata nusu ya robo inchi, neno ni moja: "Fumua." Hagombi, hapandishi sauti. Fumua. Yule kijana alikuja kutoka Lushoto ana miaka 15, ananiambia mwaka wa kwanza alifumua kuliko alivyoshona.

Na sasa Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani. Kwetu Ramadhani haikuanza na mwezi kuandama, ilianza siku mjomba anapokuja na tepu shingoni kutupima nguo za Idi. Watoto wote wa ukoo, wa mama, wa mama mkubwa, na wale wa majirani waliojichanganya, hakuwafukuza. Tunapanga mstari barazani kwa bibi. Ananukia mafuta ya cherehani na udi kwa pamoja, mpaka leo nikipita kwa fundi yeyote Kariakoo ile harufu nusu inanishika na nusu nyingine naitafuta siipati. Anasema bismillahi, tepu ya baridi inagusa bega. "Simama wima weye, usijivute." Maana wote tulikua tunasimamia vidole tuandikwe warefu. Anabonyeza kichwa kidogo na kidole kimoja, unashuka, anacheka puani, anaandika. Tukifika miaka 11, 12 sisi wasichana alikua hatupimi tena, anampa mama tepu, anageuka anatazama ukuta, mama anataja namba na yeye anaandika amempa mgongo. Hakuna aliyetuelezea kwa nini. Mwaka huo unajua umekua.

Mwaka 1404 wa Kiislamu gauni langu lilitoka kwenye pazia la bibi, kitambaa kilikua hakuna. Najua mwaka kwa sababu umeandikwa. Nafikia hapo.

Alifariki Machi 2023, usiku wa Ijumaa, kalala baada ya Isha hakuamka kwa alfajiri. Muadhini ndo alishtuka, maana mjomba alikua anafika kabla yake. Nikapanda basi la asubuhi kutoka Dar. Nilipofika wanaume wako upande wao na yule kijana wa Lushoto (kijana, sa hivi ana mvi) kapewa kazi ya kukata sanda. Bafta ipo, ile ya chini ya meza. Nikamuona kupitia dirishani amekaa na jora magotini hakati. Kaka yangu anamwambia muda unaenda, Ijumaa inakaribia. Akasema hajui vipimo vyake. Miaka karibu thelathini amefanya kazi na yule mzee na hajawahi kumpima. Akatuma mtu akalete kanzu ya mjomba iliyokua msumarini, akailaza chini, akapima kwa kanzu. Akachana. Mkono ukamtetema, pembeni kukaenda upogo, akatazama, na kwa mazoea akasema mwenyewe kwa sauti ndogo "fumua", halafu akakumbuka hakuna uzi.

Mazishi sikuyaona, wanawake kwetu hatuendi makaburini. Kaka kanihadithia kwamba baada ya swala likatolewa tangazo la kawaida, mwenye kumdai marehemu aonane na familia. Hakutokea mtu. Wakatokea wengine, wanane, mmoja mmoja jioni nzima, wanaulizia utaratibu wa kulipa wanachodaiwa. Kaka akawaambia sisi hatuna kumbukumbu yoyote ya madeni. Nao wakasema wao wanayo.

Mirathi ilikua nyepesi, hakuacha nyumba. Cherehani alishampa yule kijana zamani kama hiba, mbele ya mashahidi, yani mzee miaka yote hiyo anashonea cherehani ya mwanafunzi wake na sisi hatujui. Vilivyobaki mama na mama mkubwa theluthi mbili, theluthi moja kwa mtoto wa ami yake, mzee mmoja wa Pangani tuliyemuona siku hiyo kwa mara ya kwanza, akachukua redio akafurahi sana. Hakuna aliyeuliza kauntabuku mbili zilizokua kwenye sanduku la bafta. Nikaziomba, nikapewa.

Ni vipimo vyetu. Vyote. Ameandika kwa herufi za Kiarabu lakini Kiswahili kitupu, kama wazee wetu walivyokua wanaandikiana barua, na mimi chuo cha Kurani nilitoka na juzuu chache na viboko vingi kwahiyo nasoma kwa kidole, taratibu. Kila ukurasa juu kuna Shaabani ya mwaka fulani, wa kwanza 1404, wa mwisho 1444, na chini majina: urefu, bega, mkono, shingo. Nipo wa kwanza kabisa, urefu 24. Nikafuata jina langu kurasa kwa kurasa, 26, 28, mwaka mmoja nimeruka inchi nne, mwaka mwingine nilikua naumwa sijaongezeka hata nusu. 1423 mbele ya jina langu hamna namba, kaandika "kaolewa, yupo Dar". Halafu miaka inapita wanaanza kuingia watoto wangu.

Kuna binamu yetu, mtoto wa mama mkubwa, alifariki na malaria ana miaka saba. Vipimo vyake vya mwisho ni 1411. Nilidhani 1412 ntakuta jina limeondoka. Lipo. Pale pale pake, kati ya kaka yake na mimi, namba hakuna, kaandika "rahimahullah". Na 1413. Na 1414. Nikafungua mpaka 1444, mwezi aliofariki yeye mwenyewe, mwandiko umeshakua wa kutetema, jina lipo. Miaka 33 amemsimamisha kwenye mstari na wenzie. Mama mkubwa hajui, macho yake sasa hayasomi, na sijui kama nimwambie au nimuache.

Vipimo vyake yeye mjomba hamna mahali popote, nimetafuta.

Mwanangu wa mwisho yupo kwenye ule ukurasa wa mwisho, urefu 36, alimpima tulivyoenda Februari. Kanzu ilikua imeshakatwa, badani na taharizi zimeshaunganishwa, shingo bado. Yule kijana akaimalizia, akatutumia kwa basi, Idi ya Aprili ikavaliwa. Mjomba nguo za watoto alikua anakata inchi tatu zaidi, anazikunja ndani kwenye pindo, na mishono ya pembeni anaacha akiba. "Mtoto hukua, kanzu haikui." Idi ya 2024 kanzu ikawa fupi nikafumua pindo nikashusha inchi moja na nusu. Idi ya 2025 nikashusha tena moja, nikatoa na akiba ya kwapani. Jana nimeipima, imebaki nusu inchi na mtoto anarefuka kama mpapai. Mume wangu anasema safari hii tumnunulie nyingine, nimemwambia asubiri, Shaabani ikifika ntampima kwanza.